Mafuta ya jua ni dawa

Makala za toleo hili zinahusu jeni zinazokarabati DNA. Nimeomba tuanze na ngozi, kwa kuwa hapo ndipo kazi ya jeni hizo inapoonekana kwa macho, na hapo ndipo uzembe wetu unapoua.

Miale ya urujuanimno ikipenya ngozi, huzigandanisha herufi mbili za DNA zilizopakana, mara nyingi thimini na thimini. Seli ikijigawa kabla hazijaondolewa, kosa linaweza kurithiwa; na likiangukia jeni ya p53, inayozuia seli kuongezeka ovyo, njia ya saratani imefunguka. Kwa kawaida hatufiki huko. Protini iitwayo XPC hutambua mahali DNA ilipopinda, nyingine huja kuifungua, nyingine mbili hukata huku na huku. Kipande cha herufi takriban 30 hutolewa, pengo likajazwa kwa kufuata uzi wa pili ulio salama. Aziz Sancar, aliyeifafanua kazi hii, alitunukiwa Nobel ya kemia mwaka 2015 pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich.

Mwaka 1968 James Cleaver alionyesha kwamba seli za wagonjwa wa zeroderma pigmentosamu hushindwa kufanya ukarabati huo. Wasipokingwa na jua, wengi wao hupata saratani ya ngozi wakiwa bado watoto.

Ndugu zetu wenye ualbino hawana ugonjwa huo. Jeni zao za ukarabati ni nzima. Wanachopungukiwa ni melanini, rangi inayoichuja miale kabla haijaifikia DNA. Mzigo unaoziangukia seli zao ni mkubwa mno, na makosa yanayoponyoka hujilimbikiza mwaka hadi mwaka. Tanzania wengi hufika hospitali wamechelewa, kidonda cha mdomoni au shingoni kikiwa kimeshakuwa saratani iliyokomaa.

Ndiyo maana sikubali mafuta ya kujikinga na jua yahesabiwe kuwa vipodozi. Mjini Moshi hutengenezwa mafuta ya Kilisun, mahususi kwa watu wenye ualbino, kwa hiyo ujuzi tunao hapa hapa nyumbani. Hatuna dawa ya kuziongezea kasi jeni za ukarabati. Tunachoweza ni kuzipunguzia kazi. Serikali na bima zinazogharimia upasuaji wa saratani zigharimie na mafuta haya, na shule ziruhusu kofia pana na mikono mirefu kwenye sare, kuanzia darasa la kwanza.