MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, pembe za bara na nguo za pwani zilipita hapa mabegani mwa watu. Wengi humkumbuka Mnyamwezi wa siku zile kuwa mpagazi tu. Hiyo ni nusu ya habari. Wanyamwezi walikuwa pia na misafara yao wenyewe, wakauza pembe pwani kwa faida yao.

Twakumbusha hayo kwa sababu ya maji. Maji ya Ziwa Viktoria yamefika Tabora, Nzega na Igunga, nasi twashukuru. Mradi huo uligharimiwa kwa mkopo wa Dola milioni 268.35 kutoka Benki ya Exim ya India, na makandarasi wakuu walitoka huko huko. Haikuwa hila. Ndivyo yalivyo masharti ya mikopo ya namna hiyo: sehemu kubwa ya vifaa na kazi hutoka kwa mkopeshaji. Lakini deni hulipwa na Watanzania.

Wako wasemao kwamba makandarasi wetu hawana mtaji wala uzoefu. Wengine ni kweli hawana. Lakini mtu huambiwa aonyeshe kazi kubwa alizokwisha kufanya. Atazifanya wapi ikiwa hapewi?

Serikali imeliona jambo hili. Kanuni za ununuzi za mwaka 2024 zilitenga kwa makampuni ya wazalendo zabuni za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50. Ni hatua njema, ila fedha za nje huja na mkataba wake, na mara nyingi mkataba huo ndio hutangulia.

Basi mahali pa kumtetea fundi wa Tabora ni mezani, kabla ya sahihi kutiwa. Hapo ndipo wajumbe wetu hawana budi kudai mambo matatu: kazi igawanywe mafungu ambayo kampuni ya mkoani yaweza kuyabeba, mkandarasi mgeni afungwe kwa maandishi kumpa mwenyeji sehemu ya kazi ya ufundi, siyo kuchimba mitaro tu, na mwenyeji huyo alipwe kwa wakati, maana malipo yakichelewa kampuni ndogo hufa.

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni twawakaribisha. Wajumbe wetu na wahakikishe kwamba mwenyeji naye anapona.