Rabat na Doha: wikendi moja, mechi mbili zenye hazijaisha

Jumapili tarehe 16 Novemba 2025, saa tatu za usiku saa ya Bukavu, tulikuwa watu 12 ku parsele yetu mbele ya televisheni moja. Dakika ya 3 tu, Frank Onyeka wa Nigeria akafunga. Hakuna mwenye alisema kitu. Mzee mmoja akasimama, akachukua kiti chake, akaenda kulala. Alikuwa ameona hii sinema mara mingi.

Wenye wanafuata timu yetu ya taifa wanamuelewa. Mwezi wa tisa 2017, ku Kinshasa, Leopards walikuwa wanaongoza Tunisia 2-0, mechi ikaisha 2-2, na Tunisia njo ilienda Kombe la Dunia. Mwezi wa tatu 2022, tulitoka sare ya 1-1 na Moroko ku Kinshasa, kisha tukapigwa 4-1 ku Casablanca. Na tarehe 9 Septemba 2025, tuliongoza Senegal 2-0 nyumbani, tukapoteza 3-2. Toka Zaire ilienda Ujerumani Magharibi mwaka 1974 mpaka 2025, ilikuwa imepita miaka 51. Shabiki wa Congo alijifunza kuogopa dakika za mwisho.

Sasa tuangalie kitu gani kimegeuka. Alhamisi tarehe 13, mbele ya Kameruni, mechi ilikuwa 0-0 mpaka dakika 90 zikatimia. Kapiteni Chancel Mbemba akafunga katika zile dakika za nyongeza: 1-0. Siku tatu nyuma yake, Meschack Elia, mwenye zamani alichezea TP Mazembe, akasawazisha dakika ya 32. Ikabaki 1-1 mpaka dakika 120. Pale mwishoni, kocha Sébastien Desabre akamutoa golikipa Lionel Mpasi, akaingiza Timothy Fayulu juu ya penalti. Kwetu umeme ulikuwa umekatika, tukasikiliza penalti ku radio ya simu. Fayulu akazuia ya Semi Ajayi, Mbemba akafunga ya mwisho. Ikawa 4-3. Tulipiga kelele mpaka yule mzee akarudi akiwa amejifunika blanketi.

Kocha wa Nigeria, Eric Chelle, alilalamika kwamba ku upande wetu kulikuwa mtu mwenye kufanya uchawi wakati wa penalti. Hapa watu walicheka sana. Lakini hiyo hadithi inaficha kazi ya kweli. Desabre iko na hii timu toka 2022. Mwanzo wa 2024 iliwafikisha ku nusu fainali ya Kombe la Afrika ku Côte d'Ivoire. Timu haikuvunjwa kisha kupoteza na Senegal, kocha hakufukuzwa. Kwetu, ambako kila kitu kinaanzwa upya kila mwaka, hii ni somo: dakika ya 91 inapatikana kwa kazi ya miaka tatu.

Kuna jambo lingine. Jumamosi tarehe 15, siku moja mbele ya fainali ya Rabat, serikali ya Kinshasa na AFC/M23 walitia sahihi ku Doha, ku Qatar, mkataba wa msingi juu ya amani. Kwa mji wetu, wenye toka mwezi wa pili 2025 ulikuwa chini ya AFC/M23, benki zilikuwa zimefungwa na uwanja wa ndege wa Kavumu ulikuwa umefungwa, hiyo karatasi ilikuwa kubwa kupita mpira. Lakini kesho yake, ku soko na ku fula ya maji, watu walizungumuza Rabat, hawakuzungumuza sana Doha. Wengine waliona ni haya: namna gani watu wanashangilia mpira wakati wengine wangali wanakimbia vijiji?

Mimi sioni ni haya. Ku mpira, mutu anaona matokeo kwa macho yake, na mwenye amepoteza anakubali. Ku mikataba, tumeshasikia majina mingi, Lusaka, Sun City, Nairobi, Luanda, na bado tunahesabu vifo. Na hawa wachezaji hawakutusahau. Tarehe 7 Februari 2024, ku Abidjan, mbele ya nusu fainali, walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na mwingine wakaelekeza vidole viwili ku kichwa kama bunduki, dunia ione mauaji ya mashariki. Ile siku tulipoteza 1-0, lakini hakuna mtu wa Bukavu mwenye aliwalaumu.

Tena, tukisoma vizuri, hizi mechi mbili zinafanana. Siku ile Congo ilikuwa haijafuzu. Ilikuwa imepata tu ruhusa ya kwenda Mexico mwezi wa tatu 2026, ambako timu sita zingegombania nafasi mbili. Doha pia, amani haijafika. Mkataba ulikuwa na itifaki nane, mbili tu njo zilikuwa zimeshatiwa sahihi: ya kubadilishana wafungwa na ya kuchunga usimamishaji wa mapigano. Zilikuwa zimebaki sita, na ndani yake njo mulikuwa maneno magumu yenyewe.

Mbele ya Mexico, kulikuwa Kombe la Afrika ku Moroko toka tarehe 21 Desemba 2025, kundi moja na Senegal, Benin na Botswana. Leopards waliweza kufanya vizuri ao kutuangusha, sisi tulikuwa tayari kuangalia. Lakini kwa wale wa Doha, tuwaombe kitu kimoja chenye tulijifunza kwa hii timu: wasisherehekee nusu fainali. Yule mzee wa parsele yetu ameshasema ya kwake: safari ijayo hataenda kulala ku dakika ya 3. Ile ya Doha, anangojea aone benki imefunguliwa.