Hadithi za Upelelezi Si Upuuzi

Muhula huu nilinyang'anywa kitabu wakati wa masomo ya usiku. Kosa nalikiri: saa ile ilikuwa ya hesabu, nami nilikuwa nikisoma habari za Bwana Msa chini ya meza. Adhabu niliipokea. Lakini niliambiwa pia ya kuwa hadithi za upelelezi ni upuuzi wa kupotezea wakati, na hilo hata leo sikubali.

Dhana hiyo ni ya zamani. Hata Arthur Conan Doyle, ambaye hadithi yake ya kwanza ya Sherlock Holmes ilitoka mwaka 1887, aliona ya kuwa mpelelezi huyo anamzuia kuandika vitabu vizito vya historia. Basi mwaka 1893 akamwua, akamwangusha katika maporomoko ya maji kule Uswisi. Wasomaji wakakasirika mno, wengine wakaacha kununua gazeti lililokuwa likizichapa. Mwaka 1903 akamrudisha hai. Holmes namjua tangu darasa la saba. Vile vitabu vizito sijaviona popote.

Kwetu sisi, Muhammed Said Abdulla wa Unguja alimpa Bwana Msa kiko kama cha Holmes, na rafiki wa kufuatana naye, Najum. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957–58, ikatoka kitabu mwaka 1960. (Na Kiswahili chake! Misemo niliyoipata humo ni mingi kuliko ile ya daftari langu.) Mtu amekutwa ameuawa penye mzimu. Mwingine angesema mizimu imemwua, akaenda zake. Bwana Msa atazama, auliza, apima maneno ya kila mtu, mpaka auone mkono wa binadamu.

Je, huo ni upuuzi? Kijijini kwetu mtu akifa ghafla, vidole huelekezwa kwa bibi kizee fulani kabla matanga hayajaisha, wala hakuna aulizaye marehemu alikula nini au aliugua tangu lini. Nimeyaona hayo kwa macho yangu. Laiti angalikuwapo Bwana Msa mmoja pale.

Sisemi kila kitabu cha namna hii ni kizuri; vingine ni bastola na mbio za magari tu, navyo vibaki dukani. Vile vizuri naomba vipewe rafu moja katika maktaba yetu, tuviazime Jumamosi.

Na kile changu, kilichomo kabatini ofisini, ni cha binamu yangu. Nilikuwa nimebakiza kurasa 12.

Mwanafunzi, Kidato cha IV