Mbwa Mwenye Njaa ni Rafiki wa Mwizi

Pita mtaa wowote wenye kuta ndefu, iwe Mbezi Beach, Njiro au Karen, utakuta kibao cha "Mbwa Mkali" kimegongomewa getini. Nyuma ya geti, mara nyingi mno, yupo mnyama ambaye mbavu zake unazihesabu ukiwa barabarani, na mwenye nyumba anayeamini kwa moyo wake wote kwamba mbavu hizo ndizo ulinzi wenyewe. Mbwa akishiba, atakuambia, halindi. Mbwa akizoea kula mkononi mwa mtu, ameharibika. Ukimfundisha kwa vipande vya nyama umemzoesha hongo, na siku mwizi atakapokuja na nyama yake, kwisha habari.

Maneno haya nimeyasikia kwa mabosi, kwa askari wa getini, kwa wauza watoto wa mbwa kando ya barabara, na hata kwa watu ambao hawajawahi kufuga kitu. Yanasemwa kwa uhakika wa kutisha. Ndani yake kuna robo moja ya ukweli, nayo nitaifikia. Robo tatu zilizobaki ni upuuzi unaoua mbwa na kuwaacha wenye nyumba bila ulinzi waliodhani wanao.

Tuanze na mwizi, kwa kuwa ndiye anayetajwa kila mara. Nyama yenye sumu inayorushwa juu ya ukuta si hadithi ya kutunga; wafugaji wa mbwa mijini wanaijua. Lakini jiulize mwizi anategemea nini anapokirusha kile kipande gizani. Anategemea njaa. Anajua upande wa pili kuna mnyama ambaye tangu jana amelamba sufuria ya ugali tu, na mnyama wa namna hiyo hanusi mara mbili. Atameza nyama na mfuko wake. Mwenye nyumba aliyemkondesha mbwa ili awe mkali amemfanyia mwizi nusu ya kazi, tena bila kuombwa.

Mbwa anayekula vya kutosha kwa saa zinazojulikana, na aliyefundishwa kwamba chakula kina utaratibu wake, ni mgumu zaidi kudanganywa. Na utaratibu huo haufundishwi kwa fimbo. Unafundishwa kwa chakula chenyewe, na hapo ndipo wabishi wangu hupoteza uvumilivu. Kazi huwa hivi. Unafumba dagaa kiganjani. Mbwa anakuja, ananusa, analamba, anaparua kwa kucha, analalamika. Wewe kimya. Itafika mahali atachoka na kurudisha kichwa nyuma, pengine kwa nukta moja tu. Papo hapo mkono wa pili unampa kipande cha ini, kitu kitamu kuliko kile alichokiacha. Akisharudia hivyo mara za kutosha, ameshaelewa kwamba kuacha kunalipa kuliko kunyakua, na sasa unaweza kuliweka neno: "Acha." Kisha dagaa anahamia sakafuni, chini ya kiatu, halafu bila kiatu. Anarushwa na mtoto wa nyumbani, anarushwa na jirani, anarushwa na mtu asiyemjua aliye nje ya ukuta, mchana kwanza na usiku baadaye. Kila mbwa anapoacha, analipwa na mtu wake, na malipo ni manono kuliko kilichokataliwa.

Hiyo ni kazi ya majuma, si ya Jumamosi moja. Wala haimpi mtu hakika ya asilimia mia. Anayemjali mbwa wake bado atakagua ua jioni na alfajiri, na banda atalijenga mbali na ukuta wa barabarani. Lakini nionyeshe ni fimbo gani inayoweza kumfundisha mbwa kuikataa nyama saa nane za usiku wakati mwenye fimbo amelala.

Kuhusu hongo, wanaolitoa shtaka hilo wameiona kazi mbovu wakadhani ndiyo kazi. Yule anayetikisa nyama mbele ya pua ya mbwa kabla hajamwita ndiye anayehonga, na lawama zote ninamkabidhi. Mkufunzi anayejua anachokifanya haonyeshi kitu: mfuko umefungwa, mikono mitupu, amri inatoka, mbwa anatii, ndipo kipande kinakuja, tena ndani ya nukta moja au mbili kabla mbwa hajaanza kuwaza jambo lingine. Fundi naye hulipwa kazi ikiisha, na sijasikia mtu akisema ujira umemharibu fundi.

Anayetaka ushahidi asiende Ulaya, aende Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine ndiko kwenye kambi ya APOPO, shirika lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, ambako panya buku hufundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kutambua makohozi yenye kifua kikuu. Nyenzo zao ni mlio mdogo wa kubofya, na baada yake ndizi au karanga. Basi. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, alipelekwa Kambodia, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamtunuku nishani yake ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Hadi anastaafu mwaka 2021 alikuwa amegundua mabomu 71 ya ardhini na silaha nyingine 38 ambazo hazikuwa zimelipuka. Watu wazima, wenye watoto nyumbani, wanatembea kwenye ardhi iliyokaguliwa na mnyama aliyelipwa ndizi. Hakuna aliyemwambia Magawa kwamba ameharibika.

Sasa ile robo ya ukweli. Panya wa Morogoro hawaingii kazini wakiwa wamejaa hadi kooni, na mbwa aliyetoka kumaliza bakuli hatakuwa na hamu ya kipande chako. Vilevile mbwa aliyepewa mlo mzito saa moja ya usiku atalala, kama unavyolala wewe baada ya futari. Ndiyo maana wenye imani hii hupenda kusema "shibe mwana malevya". Wanaishia hapo, ilhali methali haijaisha: njaa mwana malegeza. Mbwa aliyelegea hubweka kidogo, hulala sana ili asipoteze nguvu, na upenyo ukipatikana getini hutoka kwenda jalalani. Dawa ni saa, si kunyima. Mafunzo kabla ya mlo, mlo wa jioni mapema na usiwe mzito, na vipande vya mafunzo vitolewe ndani ya posho yake ya siku ili asinenepe. Madaktari wa mifugo wengi hushauri vipande hivyo visizidi asilimia 10 ya chakula chote. Kumnyima kabisa, zaidi ya kuwa ni ujinga, ni kosa mbele ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008.

Wapo pia wanaokwenda mbali zaidi na kumpa mbwa pilipili kichaa ili "damu ichemke", au bangi. Pilipili itamuunguza tumbo na kumharisha. Bangi itamfanya ayumbe, ajikojolee na kusinzia. Mwizi hawezi kuomba mlinzi bora kuliko huyo.

Tuje kwenye uchaguzi wenyewe wa zawadi, maana hata waliokubali kutumia chakula wengi wanakosea papa hapa. Wanadhani zawadi nzuri ni kubwa, au ni ya dukani. Wanampa mbwa mfupa kwa sababu ameketi alipoambiwa, na somo linaishia hapo: mbwa ameondoka na mfupa wake kwenda mvunguni mwa gari, na mwalimu amebaki amesimama. Biskuti ngumu za kwenye maboksi zina shida ileile; mpaka azitafune na kuokota makombo, ameshasahau alilipwa kwa lipi. Mbwa hapimi uzito wa kipande, anahesabu amepata mara ngapi. Kwa hiyo kipande kiwe kiasi cha punje ya kunde, kiwe laini, kinuke, na kimezwe mara moja.

Kwa masharti hayo, bidhaa bora iko sokoni kwenye gunia. Dagaa wa Mwanza, ambao Kenya huitwa omena, wana harufu ambayo mbwa anaipata hata ukiwa umeifunga kwenye mifuko miwili, wanakatika vipande viwili au vitatu kwa kidole, na bei yao haimtishi mtu. Waoshwe kwanza, kwa sababu wengi hukaushwa juu ya mchanga, kisha wakaangwe bila mafuta wala chumvi. Samaki wa chumvi asiguswe. Ini lililochemshwa, likakatwa vipande vidogo na kukaushwa kidogo juu ya jiko, ndilo la hadhi ya juu. Kwa sababu hiyohiyo lisitolewe hovyo, na pia kwa kuwa vitamini A yake ikizidi kwa muda mrefu inamdhuru mbwa. Mapafu ya ng'ombe, yanayouzwa kwa bei ya kutupwa, hufaa sana yakichemshwa. Hata tonge kavu la ugali lina kazi yake, mahali patulivu, kwa amri ambayo mbwa ameshaijua. Asilani usitegemee ugali getini wakati pikipiki zinapita na mbwa wa jirani anabweka. Jambo gumu lilipwe kwa kitu kitamu.

Nimesema kuchemsha mara mbili, na ninasema tena. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilifahamika duniani kwa wingi wa ugonjwa wa vivimbe vya maji vinavyoota kwenye ini na mapafu ya binadamu, kiasi kwamba shirika la afya la AMREF lilianzisha huko mpango wa kuudhibiti mwaka 1983. Chanzo ni minyoo midogo ya mbwa. Mbwa anatupiwa ini au pafu bichi la kondoo au mbuzi lenye vivimbe, minyoo inakomaa utumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, na mtoto anayecheza uani anayameza. Anayechukua mabaki mabichi machinjioni na kumrushia mbwa anailetea familia yake ugonjwa huo.

Makombo ya sikukuu nayo yasamehewe. Sahani ya pilau ina kitunguu na kitunguu saumu, vinavyoharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na mara nyingine ina zabibu kavu, zinazoweza kuua figo zake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Chokoleti ni sumu, na vilevile makadamia, zao ambalo Kenya inalilima kwa wingi. Karanga na unga wa mahindi ulioota ukungu, ambao kila mtu husema "mpe mbwa", ndio wenye sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika nayo haraka. Kisichofaa sahani yako kwa sababu ya ukungu hakifai bakuli lake.

Najua si kila mtu yuko tayari kulambwa mkono. Kwa Waislamu wa pwani wanaofuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Haizuii chochote. Kipande hurushwa chini mbele ya miguu ya mbwa, au hutolewa kwa kijiko cha mbao chenye mpini mrefu, na somo linakwenda vilevile. Tena wao wana hoja yenye nguvu kuliko yangu: aya ya 4 ya Sura ya Al-Maida inahalalisha windo la wanyama waliofunzwa, na wanazuoni wengi wakaweka sharti kwamba mbwa alishike kwa ajili ya bwana wake, asile. Mbwa mwenye njaa angemaliza sungura kabla mwindaji hajavuta pumzi.

Kuna mbwa wasiojali chakula, ndiyo. Wengi wa wale wanaonusa pembe za ndovu bandarini na kwenye viwanja vya ndege hulipwa mpira wa kuchezea. Hiyo haiwapi nguvu wenye fimbo. Kanuni ni ileile, sarafu tu imebadilika. Na mbwa aliyezoea kwamba mkono wa mtu unaleta kitu chema hupata faida nyingine isiyotajwa: siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa anashikika. Shirika la Afya Duniani linasema kuuzuia ugonjwa huo kunahitaji kuchanja mbwa 70 katika kila 100, na kwenye viwanja vya chanjo unawaona wale wa fimbo, wanavyoburutwa kwa kamba, wanavyomng'ata mwenye nyumba, wanavyorudi nyumbani bila sindano.

Limebaki jambo la nani ashike kopo. Nyumba nyingi zinazofuga mbwa wa ulinzi, bosi hajui hata mbwa wake anakula saa ngapi. Anayekaa naye usiku kucha ni askari. Basi askari ndiye afundishwe, na kopo la dagaa liwe lake, lining'inie kiunoni pamoja na tochi. Nilipolisema hili mbele ya kundi la wenye nyumba, pingamizi la kwanza halikuhusu mbwa hata kidogo: walisema askari atawala hao dagaa kwa ugali wake. Inawezekana. Mlipeni basi mshahara wa kununua kitoweo, halafu turudi kwenye habari za mbwa.