Makutano ya Mizigo Yapangwe, Yasiamrishwe

Najua kurasa za jarida hili huwa zimejaa mashairi ya mapenzi, vitendawili na mawaidha ya mitihani. Mimi leo nawaletea habari ya makontena. Msicheke! Sisi wanafunzi wa kutwa tunaoishi huku Changamwe, Mikindani na Miritini twapishana na makontena asubuhi tukija shuleni na jioni tukirudi. Karo za wengi wetu zatoka humo humo. Huyu baba yake ni dereva, yule mjomba wake ni utingo, mwingine jirani yake ni wakala wa forodha. Mimi mama yangu auza chai na mahamri kando ya yadi ya malori. Basi mambo ya mizigo si ya wakubwa peke yao. Nasi yatuhusu.

Swali ninalotaka kulijibu ni hili: je, serikali iunge mkono makutano makubwa ya mizigo huko bara, kama vile bandari kavu ya Naivasha, au iachane nayo? Jibu langu ni kwamba iunge mkono, lakini kwa mpango, si kwa amri. Najua mtu wa Mombasa akisema hivyo hunyooshewa kidole na wenzake. Naomba mnisikize hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Kwanza tuelewane. Makutano ya mizigo ni mahali ambapo mzigo washuka kwenye chombo kimoja na kupanda kingine: kutoka meli kuingia treni, kutoka treni kuingia lori, au kutoka reli moja kuingia reli nyingine. Bandari yetu ya Kilindini ni makutano ya namna hiyo. Huko Embakasi, Nairobi, iko bandari kavu tangu mwaka 1984. Ile iliyo changa ni ya Naivasha, upande wa Mai Mahiu, ambayo reli ya kisasa ya SGR ilifika huko Oktoba 2019.

Kwa nini mahali kama hapo pana maana? Tupige hesabu ya darasa la pili. Treni moja ya mizigo ya SGR yaweza kubeba makontena zaidi ya 100 ya futi 20. Lori moja labeba mawili. Maana yake treni moja ikiondoka, malori kama 50 hayahitaji kukimbizana usiku kucha kutoka Mariakani hadi Mlolongo. Barabara yapumua, na abiria aliye ndani ya basi naye apumua. Ni nani kati yetu asiyejua mtu aliyepata ajali katika barabara ya Mombasa hadi Nairobi?

Lakini treni ina kasoro moja kubwa: haiingii uani kwa mwenye duka. Lazima pawe na mahali pa kuishukia, na hapo pawe na winchi za kunyanyulia, malori ya kupokea, maafisa wa forodha na barabara nzuri ya kutokea. Tena reli yetu si moja, ni mbili. Ile ya zamani, iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ina upana wa mita moja. Hii ya kisasa ina upana wa milimita 1,435. Behewa la reli moja haliwezi kukanyaga reli nyingine. Kwa hiyo kontena la kwenda Uganda kwa treni, mpaka siku ile SGR itakapofika Malaba, ni lazima libadilishe reli njiani. Ndiyo sababu ikajengwa njia fupi ya kuunganisha bandari kavu ya Naivasha na reli ya zamani pale Longonot. Mahali pa kubadilishia pakiwa pabovu, reli yote ya mabilioni inakuwa kama ngazi isiyofika darini.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuuma sisi watu wa Mombasa. Treni za mizigo za SGR zilianza Januari 2018. Mambo yangeachwa yakue polepole, labda watu wangezoea. Haikuwa hivyo. Agosti 2019 likatoka agizo kwamba mizigo yote ya kwenda Nairobi na bara ipande SGR na ikakaguliwe huko Nairobi. Mwenye mzigo hakuwa na hiari. Mji wetu ukachafuka. Kila Jumatatu watu waliandamana barabarani. Oktoba mwaka huo huo agizo likasimamishwa. Halafu Juni 2020, wakati wa korona, ikaagizwa tena kwamba mizigo ya kwenda Uganda, Rwanda na Sudan Kusini ipelekwe Naivasha kwa reli. Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikaamua kwamba maagizo yale ya kulazimisha mizigo kupanda SGR yalivunja Katiba, kwa sababu waliohusika hawakushirikishwa. Na Septemba 13, 2022, siku ile ile aliyoapishwa, Rais William Ruto akatangaza kwamba shughuli za kuidhinisha mizigo zirudi Mombasa.

Hebu tazameni! Katika miaka mitatu tu amri ilitolewa, ikasimamishwa, ikarudishwa kwa njia nyingine, ikapingwa kortini, mwisho ikafutwa kwa tangazo jingine. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Nyasi ni sisi. Wakati ule mimi nilikuwa shule ya msingi, lakini nakumbuka mama akirudi nyumbani saa nne asubuhi na karai la mahamri yaliyobaki. Malori yalikuwa machache, na dereva asiyekuwapo hanywi chai. Vijana waliokuwa wakifunika mizigo kwa turubai walikaa barazani mchana kutwa. Na kule Naivasha, waliokuwa wamenunua viwanja na kujenga vyumba vya kukodisha wakitumaini malori, nao wakabaki wakitazama barabara mwaka 2022 mambo yalipogeuzwa. Kwa hiyo amri haikumfaa wa pwani wala wa bara.

Wapo wenzangu wasemao kwamba dawa ni kuizika kabisa bandari kavu, mizigo yote ibaki Mombasa. Hapo sikubaliani nao. Mwaka 2024 bandari yetu ilipitisha makontena yapatayo milioni 2 kwa hesabu ya kontena la futi 20. Yote hayo yakitegemea barabara moja ya kutokea, tutaishi vipi? Bandari ni kama choo cha shule, samahani kwa mfano huu: uzuri wake si mlango wa kuingilia tu, bali aliyemo atoke upesi ili mwingine aingie. Yadi zikijaa, meli hungoja nje, na meli ikichoka kungoja mwenye mizigo hutazama Dar es Salaam. Siku hiyo hata lori la kubishania halitakuwapo. Kwa hiyo makutano ya bara yakifanya kazi vizuri, bandari yetu yapata nafasi ya kupokea zaidi. Si adui yetu.

Wapo pia wasemao kwamba hapana haja ya mpango wala sera, biashara ijiamulie yenyewe. Wafanyabiashara wakiona faida watajenga. Hao nawaomba wafungue kitabu cha historia. Mwaka 1899 reli ilifika mahali pa kinamasi palipoitwa Nairobi. Palifanywa bohari ya vifaa na mahali pa treni kupumzika kabla ya kupanda milima. Ilikuwa makutano ya mizigo, hakuna zaidi. Watu wakafuata kazi, maduka yakafuata watu, nyumba zikasongamana bila mifereji ya maji machafu. Muda si muda ukaingia ugonjwa wa tauni, na mwaka 1902 soko la Wahindi likachomwa moto ili kuuzima. Mpaka leo Nairobi yalipia deni lile la kujengwa kwanza na kupangwa baadaye. Panapokutanishwa mizigo, mji huja wenyewe. Ukipenda usipende, utakuja. Hoja ni kama utakuta umeandaliwa.

Basi mpango ninaousema ni upi? Sitaki maneno matamu ya jukwaani. Nataka mambo yanayoweza kuandikwa kwenye ramani na mtu akashtakiwa akiyavunja. Nitayataja manne.

La kwanza ni ardhi. Ardhi ya makutano na ya kukua kwake itengwe mapema, ijulikane mwisho wake, na wenyewe walipwe haki yao kabla tingatinga halijafika. Mai Mahiu iko Kaunti ya Nakuru, na mji wa Suswa ulio jirani uko Kaunti ya Narok. Lori halijui mpaka wa kaunti. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 yaruhusu kaunti kuwa na mpango wa pamoja. Ruhusa hiyo itumike, ili upande mmoja usijenge barabara na upande wa pili ukauza viwanja mbele yake.

La pili ni maji. Aprili 2024 watu wengi walikufa usiku huko Mai Mahiu baada ya maji ya mvua kukusanyika nyuma ya tuta la reli ya zamani na kulipasua. Njia ya maji chini ya tuta ilikuwa imezibwa na takataka na magogo. Mahali penye tuta la reli, milima juu na vijiji chini, mpango wa njia za maji si pambo. Ni uhai wa watu. Kila yadi ya saruji inayotandazwa huko yasukuma maji yaende kwa jirani, na lazima ijulikane yataelekea wapi.

La tatu ni malori na watu wake. Huku kwetu malori hulala kando ya barabara kwa kuwa hayakutengewa mahali. Mwanafunzi alazimika kutembea katikati ya lami. Dereva hana choo wala bafu, na baadaye tunamsema ati ni mchafu! Makutano yoyote yanayopitishwa, ya Naivasha au ya hapa Miritini, yawe na uwanja wa malori, vyoo, njia ya waendao kwa miguu, na soko dogo la mama ntilie na wauza matunda ndani ya ramani yenyewe. Vibanda havitokei kwa ukaidi. Vinatokea kwa kuwa watu wana njaa na ramani iliwasahau.

La nne, na ndilo zito kwangu, ni kugawana kazi kwa wazi. Iandikwe ni mizigo gani ifaayo kupanda treni na ipi ifaayo lori. Mzigo wa safari ndefu, wa kwenda Uganda na kupita, wafaa reli. Mzigo wa Voi, Malindi au Mariakani, hiyo ni kazi ya lori. Ukaguzi wa forodha uwe pale mwenye mzigo atakapochagua, naye avutwe na bei na wepesi wa treni, si kwa kufungiwa mlango mwingine. Na kama kuna kazi zitakazopungua Mombasa, isemwe miaka kadhaa mapema, pamoja na kile kitakachowekwa mahali pake. Mtu akiambiwa leo kwamba baada ya miaka 5 mambo yatabadilika, atajipanga: atauza lori, atajifunza kuendesha winchi, atampeleka mwanawe chuo cha ufundi. Akiambiwa kwamba mambo yatabadilika kesho asubuhi, ataandamana. Na haki yake.

Sitawadanganya kwamba mpango utamponya kila mtu. Dereva mwenye miaka 50, nyumba yake Jomvu, hawezi kuihamishia Naivasha, na treni ikichukua safari zake ndefu kipato chake kitapungua. Hilo ni kweli, na uchungu wake tunaujua. Lakini mpango ulioandikwa wampa kitu ambacho amri haikumpa: siku ya kusimama barazani mbele ya wakuu na kuuliza, na jibu ambalo laweza kudaiwa kortini. Katiba ya 2010 yasema wananchi washirikishwe. Mahakama ilishaonyesha mwaka 2020 kwamba neno hilo si la mapambo.

Wenzangu wa kidato cha tatu, mwakani tutamaliza shule. Wengine wetu watatafuta kazi bandarini, wengine kwenye reli, wengine kwenye malori. Kukitangazwa kikao cha maoni juu ya ramani ya mtaa au yadi mpya, twende. Tusiseme hayo ni ya wazee. Walimu wetu wa Jiografia nao nawaomba watupeleke Miritini tukaone kwa macho kontena likitoka reli kuingia lori, maana mchoro wa ubaoni hautoshi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Bandari kavu tayari tunayo, reli tayari tunayo, deni lake tayari twalilipa. Kilichobaki ni kupanga kabla mji haujatutangulia. Kalamu yangu naiweka hapa.