Faili Yenu Ndiyo Mbovu, Si Sisi

Wasee, leo niko na hasira na sitaificha.

Wiki mbili nzima nimekaa kwa chumba changu hapa Kibabii, nikinunua bando juu ya bando, nikijaribu kuunganisha mfumo wa chama cha akina mama na huduma ya kampuni fulani. Jina sitaji. Nilichopewa ni kiungo cha faili ya WSDL na sentensi moja: "Kila kitu kiko hapo ndani." PHP yangu ikakataa kuisoma. Nikapiga simu. Nikaambiwa, "Kwetu inafanya kazi. Labda wewe bado unajifunza."

Hapo ndipo nataka tuongee.

Kama hujawahi kukutana nayo, WSDL ni maelezo ya huduma yaliyoandikwa kwa XML. Inasema huduma inaitwaje, inataka nini, inarudisha nini na iko anwani gani. Raha yake ni kwamba huhitaji kukariri yote hayo. Programu yako inaisoma na kujua jinsi ya kuongea na upande ule mwingine. Kwa ufupi ni mkataba. Na mkataba unaosomeka na aliyeuandika pekee si mkataba, ni daftari lake la siri.

Sasa sikiza makosa niliyopata baada ya kuifungua kwa macho yangu.

La kwanza, faili ilisema aina za data ziko kwa faili nyingine, na anwani ya hiyo nyingine inaanza na 192.168. Hiyo ni anwani ya ndani ya ofisi yao! Kwao itafunguka, wako ndani. Kwangu haitafunguka hata ninunue bando la mwaka mzima. Ni kama kuniambia ufunguo uko mezani, ndani ya nyumba iliyofungwa.

La pili, wametumia mtindo wa rpc/encoded. WSDL 1.1 ilitoka mwaka wa 2001 ikiwa na njia kadhaa za kueleza kitu kimoja. Kila kampuni ikashika yake, na vifaa vikaanza kukosana. Ndiyo maana mwaka wa 2004 muungano wa WS-I ulitoa Basic Profile 1.0 na kuukataza mtindo huo. PHP bado inaumeza. Rafiki yangu anayetumia Java alijaribu faili hiyo na wsimport, ikagoma papo hapo. Yaani kitu kilichokatazwa 2004, nyinyi bado mnatugawia, halafu sisi ndio "bado tunajifunza"?

Siku chache baadaye anwani ile ikabadilishwa kimya kimya. Hakuna pole, hakuna ujumbe. PHP yangu nayo ikaendelea kusoma nakala ya zamani, kwa sababu kawaida yake ni kuihifadhi kwa sekunde 86,400, yaani siku nzima. Kuisahau hiyo nakala, nakubali, lilikuwa kosa langu. Lakini wangetuma hata SMS moja ningeikumbuka.

Najua kuna mtu atasema, "SOAP ni ya wazee, tumia REST." Sawa. Safaricom ilipoleta Daraja mwaka wa 2017 ikiwa na REST na JSON, mwanafunzi aliweza kujaribu malipo kwenye mazingira ya majaribio bila kugusa pesa halisi. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini mifumo mingi ya zamani ya benki na bima bado inaongea SOAP, na huwezi kuikimbia. Tena ugonjwa si SOAP. OpenAPI 3.1 ilipotoka 2021, vifaa vilivyozoea 3.0 vilianza kujikwaa. WSDL 2.0 yenyewe ilipitishwa na W3C mwaka wa 2007, na hadi leo PHP inasoma 1.1 tu. Toleo jipya halimtibu mtu anayechapisha bila kujaribu.

Na nani analipa? Si yule wa ofisini. Ni mweka hazina wa chama, ambaye hadi usiku anasoma ujumbe wa M-Pesa mmoja mmoja na kunakili kwa kitabu. Ni kijana wa Bungoma au Kitale anayeamini kichwa chake ni kizito, anaacha kodi, na kazi inaenda kwa kampuni ya Nairobi iliyo na rafiki ndani ya ofisi hiyo.

Kwa hivyo nyinyi mnaochapisha hizi faili: zijaribuni na PHP, Java na .NET, mkiwa nje ya mtandao wenu wa ofisi. Fuateni Basic Profile. Wekeni mfano wa ombi na jibu lake. Mkibadilisha kitu, semeni. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja.

Na wewe msee unayekesha na hiyo faili: kabla hujajiita mjinga, ifungue. Tafuta schemaLocation uone inaelekeza wapi. Zima ile nakala ya PHP. Ijaribu kwa SoapUI. Ikigoma kote, piga picha ya kosa, uwatumie, na uwaambie kwa heshima lakini bila kutetemeka: faili yenu ndiyo mbovu.