Kila King'aacho Kiitwe kwa Jina Lake

Wahenga walinena kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Methali hii nimeifundisha madarasani kwa miaka mingi, lakini uzito wake niliuhisi siku nilipomsindikiza shangazi yangu kwa sonara mmoja mjini Mombasa. Alikuwa amebeba bangili mbili alizozinunua miaka mingi iliyopita kwa fedha za chama, akaziweka akiba. Mjukuu wake alikuwa ameitwa katika shule ya upili na karo ilihitajika. Sonara alizisugua juu ya jiwe jeusi, akadondoshea tindikali. Alama ikatoa povu la kijani, ikatoweka. Ilikuwa shaba iliyopakwa dhahabu.

Shangazi hakulia. Aliniuliza tu: "Mwanangu, wewe ndiwe msomi wa lugha. Neno dhahabu lina maana ngapi?"

Swali hilo limenikera tangu siku ile. Mimi ni mwanaisimu, wala si sonara, lakini naona kwamba chanzo cha hasara yake kilikuwa neno. Muuzaji aliita dhahabu kitu kisichokuwa dhahabu, na mnunuzi akalipia jina.

Tuanze na tofauti yenyewe. Kito halisi hufanywa kwa madini ya thamani tangu juu hadi ndani. Dhahabu tupu huitwa ya karati 24. Kwa kuwa ni laini mno, mafundi huichanganya na fedha au shaba ili iwe ngumu. Ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu katika kila 24, yaani asilimia 75, na kwa hiyo hupigwa chapa ya 750. Ya karati 22 hupigwa 916, na ya karati 9 hupigwa 375. Fedha bora huwa na chapa ya 925. Neno karati lenyewe limesafiri mbali: Wayunani waliliita kwalo punje la mti wa kharubu, Waarabu wakalifanya kirati, na leo kwa almasi ni kipimo cha uzito wa gramu 0.2.

Pambo la kawaida nalo ni la shaba, zinki, kioo au plastiki. Likitakiwa ling'ae, hutumbukizwa katika maji yenye dhahabu na umeme ukapitishwa. Utando unaoshika juu yake aghalabu haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Jasho, sabuni na manukato huumaliza, na ngozi ya mvaaji ikageuka kijani. Yakiwa na nikeli ndani, wengine huwashwa na kupata vipele.

Je, basi mapambo haya ni ya kudharauliwa? Hasha! Huko Paris katika miaka ya 1920, Coco Chanel aliwavisha matajiri lulu za kuigiza bila ya kuona haya. Hapa kwetu, shanga za Wamaasai ni vioo ambavyo vingi vyao hutoka Ulaya, na hakuna sonara atakayezipima kwa mizani. Hata hivyo, ni nani atakayethubutu kusema kwamba bibi harusi wa Kimaasai amevaa kitu cha bure? Thamani yake imo katika rangi, katika mikono iliyozitunga na katika ujumbe unaobebwa. Binti anayenunua herini za bei nafuu pale Gikomba naye hajatenda kosa. Amenunua urembo, akaupata.

Kosa huanza pale urembo unapouzwa kwa jina la akiba. Kwa wanawake wengi wa Pwani, dhahabu ya arusi ni benki isiyohitaji sahihi ya mume. Ni mali yake akifiwa, akiachwa au mwanawe akiugua. Anayemuuzia mwanamke huyo shaba kwa jina la dhahabu humwibia mara mbili: leo anapolipa, na kesho atakapohitaji.

Wako watakaosema kwamba mnunuzi na awe macho. Naam, lakini macho hayatoshi. Sumaku haivuti dhahabu, wala haivuti shaba. Hata chapa huweza kugushiwa. Ndiyo maana Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka wa 1973, haimwachii muuzaji kujipigia chapa ya ubora. Kazi hiyo hufanywa na ofisi maalumu za upimaji. India nayo ilianza kulazimisha chapa za namna hiyo mwaka wa 2021.

Nasi tuanze na jambo lisilo na gharama. Kila risiti iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka: dhahabu ya karati kadha, uzito wa gramu kadha, au, shaba iliyopakwa dhahabu. Mnunuzi naye asitoke dukani pasi na karatasi hiyo, na idara zinazosimamia mizani na ubora zimwadhibu atakayeandika uongo.

Shangazi alizivaa bangili zake siku mjukuu alipoondoka kwenda shuleni, kwa karo tuliyoichanga sisi jamaa. Zilimpendeza kweli. Laiti angaliuziwa kama mapambo, kwa bei ya mapambo, hangekuwa na la kulalamikia.